Mbeya hadi Kigoma kwa gari, mke na mume: mwongozo kwa wanaoanza

Tangu mimi na mume wangu turudi kutoka Kigoma kwa gari letu, tukipitia Sumbawanga na Mpanda, maswali ni yale yale. Gari gani linafaa? Mlilala wapi? Mafuta yalitosha? Hamkuogopa, wawili tu? Na wanawake wenzangu huniuliza pembeni, kwa sauti ya chini: mimi naendesha mjini tu, nitaweza? Nimejibu kwa simu, nimejibu harusini, nimejibu nikiwa kwenye foleni ya benki. Leo naandika mara moja, ili atakayeuliza nimpe hii.

Shika jambo moja kabla ya yote: safari ya wawili haina mtu wa tatu wa kusukuma. Basi likinasa, abiria wanashuka na kulisukuma. Lori lina utingo. Ninyi mkinasa, mmoja yuko kwenye usukani na mwingine yuko nje na beleshi, basi. Mmoja akiugua, aliyebaki ni dereva, ni fundi, ni muuguzi. Karibu kila ninachosema hapa chini kimetokana na hesabu hiyo.

Njia yenyewe

Kutoka Mbeya unafuata barabara kuu ya Zambia hadi Tunduma, kama kilomita 100. Pale, kabla ya kuvuka mpaka, unakata kulia kwenda Sumbawanga, zaidi ya kilomita 200. Kutoka Sumbawanga hadi Mpanda ni zaidi ya 200 tena, ukipita wilaya ya Nkasi na kukatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Mpanda hadi Uvinza ni karibu 200 za miombo, na vijiji vimeachana sana. Kisha Uvinza hadi Kigoma, zaidi ya 100. Kwa karatasi ni siku mbili. Sisi tulitumia sita, na kama ningepanga upya ningeweka saba.

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Mvua za huku ni msimu mmoja mrefu, Novemba hadi Aprili, na udongo mweusi wa mbugani ukilowa hushika gurudumu kama ugali unavyoshika mwiko. Usimsikilize anayekwambia Januari "panapitika". Panapitika kwake yeye mwenye lori na utingo wawili.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuwasha gari

Gari. Lolote lenye tumbo la juu na fowili (magurudumu yote manne kuvuta) inayofanya kazi kweli. Letu ni Land Cruiser Hardtop yenye injini ya 1HZ, dizeli, haina tabo wala kompyuta, na fundi wa kila mji tuliopita alikuwa ameshawahi kuifungua. Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote: vipuri na mafundi viwepo njiani. Kiangazi, Escudo au RAV4 iliyotunzwa itafika pia, ila mwendo wake uwe wa adabu.

Karatasi. Leseni za wote wawili, kadi ya gari au nakala yake, bima iliyo hai, vitambulisho vya taifa. Mkoa wa Kigoma unapakana na Burundi na una kambi za wakimbizi, kwa hiyo vizuizini utaulizwa kitambulisho. Si uonevu, ni kazi yao. Salimia, toa, endelea. Gari liwe na pembetatu mbili za kuakisi, mtungi wa kuzimia moto na sanduku la huduma ya kwanza. Ukiandikiwa faini, inalipwa kwa kontroli namba, haiwekwi mkononi mwa mtu.

Vya kujinasulia na kutengenezea:
- tairi mbili za akiba, moja haitoshi
- jeki mbili, moja ya chupa na moja ndefu, pamoja na kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki
- spana ya magurudumu na bomba la chuma la kurefushia mpini wake (bila bomba hilo mimi siwezi kufungua nati iliyokazwa na mashine)
- geji ya upepo na pampu inayotumia betri ya gari
- beleshi, panga, kamba ya kuvutia, waya za kubustia betri
- fenibelti, hozi ya rejeta, filta ya dizeli, fyuzi, oili, waya wa kufungia na gundi ya chuma

Vya mwili. Maji ya kunywa lita tano kwa mtu kwa siku, na dumu jingine la lita 20 la kunawia na la rejeta. Chumvichumvi za kuharisha, kipimo cha haraka cha malaria, dawa mseto, dawa za maumivu, bandeji, glovu. Chandarua chenye dawa. Na sweta! Watu hudhani magharibi yote ni joto. Sumbawanga iko juu, uwanda wa Ufipa, na usiku wa Juni mkono unakufa ganzi ukiosha sahani.

Pesa. Noti ndogondogo kwa vijijini, na salio kwenye simu. Malango ya hifadhi za taifa hayapokei fedha taslimu.

Simu. Laini za mitandao miwili tofauti, na ramani uliyoipakua ukiwa bado mjini.

Hatua

1. Wote wawili mjue kuendesha na kubadili tairi. Wiki mbili kabla.

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Mume anasema "nitaendesha mimi", mke anakubali, safari inaanza na dereva mmoja. Siku ya tatu dereva huyo anatapika kwa malaria katikati ya msitu.

Tafuteni kiwanja kitupu Jumamosi moja. Asiyezoea gari kubwa aendeshe saa mbili: kurudi nyuma kwa vioo, kuingiza fowili, kuteremka mlima kwa gia ya kwanza bila kukanyaga klachi. Halafu kila mmoja abadili tairi peke yake, mwenzake akae pembeni bila kugusa wala kuelekeza. Mimi mara ya kwanza nilichukua dakika 50. Nilisimama juu ya mpini wa spana kwa miguu miwili, nikiwa nimeshika bodi ya gari, ndipo nati ya kwanza ikalia *kwii* na kuachia. Tulipopata pancha mbele ya Mpanda, mume wangu mkono ulikuwa umevimba, na tairi nilibadili mimi.

Kosa la kawaida: kupandisha gari kwa jeki kwanza halafu ndipo uanze kulegeza nati. Gurudumu litazunguka hewani. Legeza kidogo likiwa chini, kisha pandisha.

2. Peleka gari kwa fundi mapema, na baada ya hapo liendeshe.

Si jana yake. Fundi mmoja alitufungia magurudumu jioni, asubuhi tukaondoka, na kufika kilomita ya 60 gari likaanza kugonga. Nati tatu za gurudumu la nyuma zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Tangu siku hiyo, gurudumu lolote likifunguliwa, na yeyote, tunakaza tena baada ya kilomita 50. Aangalie breki, springi na bushi zake, shokapu, hozi zote, fenibelti, betri na filta. Kisha liendeshe wiki nzima mjini.

3. Panga siku kwa jua, usipange kwa kilomita.

Kanuni yetu: gurudumu halizunguki kabla ya kuona vizuri, na saa kumi jioni tunaanza kutafuta pa kulala, popote tulipo. Usiku barabara ni ya ng'ombe, ya baiskeli zisizo na taa, na ya lori lililoharibika likaachwa katikati na matawi mawili ya mti nyuma yake. Ukiona matawi au majani barabarani hata mchana, punguza mwendo: mbele kuna gari limekufa.

Anayetoka Dar asisahau kwamba Kigoma jua linachomoza karibu dakika 40 baadaye kuliko Dar. Saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza. Kunywa chai kwanza.

Hesabu ya mafuta iende na hesabu ya jua. Gari letu linakwenda kilomita saba au nane kwa lita, na kwenye matope chini ya hapo. Jaza tangi Tunduma au Sumbawanga, jaza tena Mpanda hata kama mshale uko nusu, na uwe na dumu moja au mawili ya chuma ya lita 20. Kuhusu hali ya barabara, waulize madereva wa mabasi stendi, jioni, wakiwa wametoka huko huko siku hiyo. Lami inazidi kusogea mwaka hadi mwaka, na kipande alichokusimulia shemeji yako miaka mitatu iliyopita si hicho tena.

4. Panga mzigo kwa kufikiria pancha kwenye mvua.

Jeki, spana, ubao, beleshi na maji viwe mahali unapovifikia bila kushusha begi hata moja. Vizito chini na katikati, kati ya ekseli. Juu ya keria weka vyepesi tu, maana gari lenye kichwa kizito linapinduka kwenye kona unayoiona ya kawaida. Kila kitu kifungwe. Mtungi wa gesi au sanduku la vyombo likiruka kutoka nyuma litawakuta shingoni.

5. Kagua kila asubuhi, na kila mtu awe na upande wake.

Mmoja anafungua boneti: oili, maji ya rejeta gari likiwa baridi, maji ya breki, fenibelti, betri. Mwingine anazunguka nje: nati kwa spana, upepo wa tairi, taa, kisha anapiga magoti na kuchungulia chini kama kuna tone lolote mchangani. Dakika kumi. Kesho yake mnabadilishana. Kubadilishana ndiko kunakosaidia, kwa sababu jicho lililozoea haliioni nati iliyopungua.

6. Kwenye lami, ogopa vijiji.

Kibao cha 50 kinaanza kabla hujaiona nyumba ya kwanza, na kinaisha pale kilipo kibao cha kumaliza, si pale nyumba zinapoisha. Askari wa barabarani wanaijua vizuri tofauti hiyo. Kuna pia matuta ambayo hayana kibao wala rangi. Ukiona watu wameketi wakitazama barabara karibu na shule au gulio, kanyaga breki mapema.

Tunduma msikimbizane na malori. Foleni ya yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia huwa ndefu, na bodaboda hupenya katikati yake. Anayekaa kushoto ashushe kioo na kutazama upande wake, amwambie dereva "njoo" au "simama". Maneno mawili tu. Maelezo marefu yanachelewa.

7. Kwenye vumbi, toa upepo na upunguze mwendo, vyote viwili.

Kwenye lami sisi tunaweka upepo wa PSI 35. Tukiingia rafurodi ndefu tunashusha hadi 26 au 28. Kwenye mchanga au tope, 18 hadi 20, na hapo mwendo hauzidi 30 kwa saa. Tairi laini inakumbatia jiwe, tairi ngumu inalipiga na kupasuka. Lakini ukirudi kwenye lami, simama ujaze upepo kabla ya kukimbia. Tairi yenye upepo mdogo kwenye lami ya moto inachemka, halafu inapasuka.

Barabara ikiwa na vituta vidogovidogo vilivyopangana kama bati, utaambiwa "kimbia 80, gari linaelea". Ni kweli linaelea. Linaelea pia kwenye kona, na breki hazina cha kushika. Sisi tunakwenda 40 hadi 50 na kuvumilia.

Lori likija mbele na vumbi lake, punguza, kaa kushoto, funga vioo, subiri vumbi litue. Usilipite gari ambalo hulioni liko wapi. Usifunge breki ghafla kwenye kokoto, wala usikate usukani kukwepa kuku. Najua inauma, lakini watu wengi wamepinduka kwa ajili ya kuku.

8. Kabla ya maji au tope, simama. Mmoja ashuke.

Kwenye kijito cha kijijini ambapo watoto wanaoga, vua viatu, shika fimbo, tembea pale pale magurudumu yatakapopita. Maji yakizidi goti, au yakikusukuma mguu, mnageuza. Kama yako chini ya goti: fowili ya chini, gia ya pili, mwendo wa mtu anayetembea, bila kubadili gia hadi ng'ambo.

Lakini mto wenye mamba au viboko hautembelewi. Mto Katuma pale Sitalike, kwenye mlango wa Katavi, una viboko wanaobanana kama magunia kiangazi maji yakipungua. Mito ya namna hiyo vuka darajani, na kama daraja limeharibika, ngojea gari jingine lipite mbele yako, au rudi. Kusubiri saa tatu si kushindwa.

Kwenye tope, ukiona gurudumu linazunguka na gari halisogei, ondoa mguu palepale. Kila sekunde ya kukanyaga mafuta inachimba shimo ambalo ninyi wawili ndio mtakaolijaza.

9. Katavi: funga vioo, vaa kaki, usishuke.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1974, ina zaidi ya kilomita za mraba 4,000, na wageni wake ni wachache mno. Mnaweza kukaa saa nzima ukingoni mwa mbuga na msione gari jingine. Barabara ya kwenda Mpanda inapita ndani yake, na wengi huikimbiza kama barabara nyingine yoyote. Twiga wanavuka hapo, na tembo pia. Nenda polepole na usishuke hata kwa haja ndogo. Malizeni mambo yenu kabla ya kuingia, au ngojeni mfike Sitalike.

Mbung'o ndio watakaowasumbua. Wanafuata kitu kinachotembea na wanapenda rangi ya bluu na nyeusi. Ndiyo maana mtaona vitambaa vya rangi hizo vimetundikwa mitini, ni mitego yenye dawa. Mume wangu alivaa jinzi. Walimng'ata mapaja yote kupitia kitambaa, nami niliyevaa suruali ya kaki pana niling'atwa mara mbili tu. Baada ya safari, mtu akipata homa isiyoisha, kichwa na uvimbe mahali alipong'atwa, amwambie daktari wazi kwamba alipita eneo la mbung'o. Malale yanatibika, ila daktari wa mjini hawezi kuyafikiria usipomwambia.

Tulilala Sitalike, nje ya lango. Usiku kiboko alikuja kula majani hatua kama kumi kutoka dirishani. Alikuwa anakata nyasi kwa midomo, *krrap, krrap*, anapumua, anasogea, anakata tena, kama mtu mwenye fyekeo asiye na haraka. Tulishikana mikono gizani bila kusema neno hadi alipoondoka. Kama mngeendesha usiku ili "muwahi", hiki mngekikosa.

10. Pa kulala: gesti kwanza, hema kwa ruhusa.

Kila mji mdogo una gesti. Mtaandikishwa kwenye kitabu cha wageni: jina, kabila, mlikotoka, mnakokwenda. Uliza mambo matatu kabla ya kulipa: maji yapo, chandarua hakijatoboka, gari litalala ndani ya uzio na mlinzi? Kama la tatu ni hapana, tafuteni nyingine.

Giza likiwakuta kijijini kusiko na gesti, usitafute kichaka cha kujificha. Nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, salimieni, semeni ninyi ni nani na mnaomba pa kusimamisha hema. Tulifanya hivyo mara moja, kati ya Mpanda na Uvinza. Tulipewa uwanja wa shule, ndoo ya maji ya moto, na mzee mmoja alikuja na mkeka wake kulala karibu na gari letu. Asubuhi alikataa hela, akapokea sukari. Beba kilo mbili tatu za sukari na sabuni za mche kwa ajili ya mambo kama haya.

Njiani kuna vizuizi vya maliasili. Gunia la mkaa, mbao au kiti cha mninga alichowauzia mtu barabarani, bila kibali na risiti, vitawapa shida. Asali nunueni.

11. Ninyi wawili.

Mbadilishane usukani kila saa mbili, hata kama aliyeushika hajachoka. Aliye kwenye usukani ndiye anayeamua mwendo. Anayeogopa ndiye anayeamua kusimama, na akisema "simama" gari linasimama kwanza, mjadala unafuata. Kanuni hii tuliiweka baada ya mimi kusema mara tatu kwamba lile tope si la kuingia, tukaingia, tukachimba kuanzia saa saba hadi saa kumi na moja. Hatukuongea hadi tulipokula. Sasa tunaitii hata pale mwoga anapokuwa amekosea, maana gharama ya kusimama bure ni dakika tano.

Fedha ya mafuta ikae kwa mmoja, ya chakula kwa mwingine, na ya dharura igawanywe mifuko miwili. Kuleni mchana, mkiwa mmeshuka na kukaa. Kwa mama ntilie wa Namanyere au Mpanda mtapata wali, maharage na habari za barabara iliyo mbele, na mkifika Kigoma mgebuka wa kuchoma, samaki wa ziwani, anawasubiri. Ugomvi mwingi wa garini ni njaa.

Na wewe dada unayeuliza kama utaweza: kwenye vizuizi watamsemesha mume hata kama usukani umeshika wewe. Jibu wewe, kwa upole. Leseni ni yako.

Mambo yakiharibika

*Gari limenasa.* Zima, shuka, tazama ni gurudumu gani na tumbo limekaa juu ya nini. Toa upepo hadi 15 au 18. Chimba nyuma ya magurudumu yote manne, si lile lililozama tu. Pandisha lililozama kwa jeki juu ya ubao, jaza mawe na matawi chini yake. Toka kwa kurudi nyuma ulikotoka, kwa gia ya chini, taratibu. Likivutwa na gari jingine, watu wote wakae mbali na kamba, ikikatika inaua.

*Mshale wa joto umepanda.* Simama, zima, fungua boneti, usifungue kifuniko cha rejeta. Subiri nusu saa hadi saa nzima. Kisha kifungue ukiwa na kitambaa kinene, ongeza maji kidogokidogo. Angalia kama fenibelti imekatika, hozi imepasuka, au rejeta imezibwa na mbegu za nyasi. Hilo la mwisho hutokea sana huku kiangazi, na linaisha kwa kuosha rejeta kutoka upande wa injini kwenda nje.

*Gari linakosa nguvu, linatoa moshi mweusi.* Filta ya hewa imejaa vumbi. Itoe, igonge taratibu kwenye tairi, irudishe. Likikosa nguvu na kuzimazima bila moshi, shuku dizeli chafu. Kituo kimoja kilituuzia yenye maji. Tulifungua koki ya chini ya filta, tukatoa maji yakajaa nusu kikombe, tukapampu kwa mkono hadi ikawa ngumu, likawaka. Tangu hapo tunanunua pale malori yanaponunua.

*Haliwaki, linasema "tik" tu.* Kabla ya kulaumu betri, kwangua vichwa vyake na ukaze. Mtikisiko wa barabara huvilegeza.

*Mtandao hakuna na gari limekufa.* Msiachane. Simamisheni pembetatu mbele na nyuma, kaeni kivulini karibu na gari, ngojeni basi au lori. Huwa wanasimama. Kama kuna mtandao na ni dharura, polisi ni 112. Gari likishindikana kabisa na mko Mpanda, kuna reli ya kwenda Tabora kupitia Kaliua. Liacheni kwa mlinzi mwenye jina na namba ya simu, mrudi na kipuri.

*Mmoja ana homa.* Pima malaria hapo hapo. Kikionyesha ipo, aanze dawa mseto, na gari lielekee mji wenye hospitali ulio karibu zaidi, hata kama ni kurudi nyuma. Kipimo kikisema haipo na homa inaendelea, nenda vilevile. Mgonjwa alale kiti cha nyuma amefungwa mkanda, maji ya chumvichumvi karibu na mkono, na mwenye usukani asizidishe mwendo kwa sababu ya hofu. Kila nusu saa asimame, amguse paji la uso, ampe maji, waendelee.